Ufahari wa Paris na Mikono Isiyotajwa

Januari 2000, wanamitindo wa jumba la Christian Dior walipita jukwaani mjini Paris wamevaa matambara. Magauni yamechanikachanika, mengine yana maandishi ya gazeti mwili mzima, mengine yamefungwa kamba kiunoni na kwenye kamba zinaning'inia chupa tupu na vikorokoro vya jikoni. Mbunifu wake, John Galliano, alisema wazo lilimjia alipokuwa akikimbia mazoezi kandokando ya Mto Seine, akipita karibu na watu wasio na makazi wanaolala pale. Haukupita muda watetezi wa watu hao wakaandamana mbele ya jengo la Dior, barabara ya Avenue Montaigne, na polisi wakaja kulinda mlango. Wapenzi wa mitindo nao wakaja juu kumtetea: walisema hii ni sanaa, na sanaa haiombi ruhusa.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na waandamanaji wale walikuwa na kila haki ya kukasirika. Hata hivyo kuna jambo ambalo pande zote mbili zililiruka. Matambara yale hayakuokotwa jalalani. Yalikuwa hariri na vitambaa laini vilivyokatwa, vikachakazwa, vikatiwa rangi na kushonwa kwa mkono katika karakana za Dior. Fundi aliyefunzwa miaka mingi kuuficha mshono ndiye aliyeagizwa sasa auchane, na auchane kwa ustadi. Juu ya Galliano yaliandikwa mengi, juu ya maskini wa Seine machache, juu ya fundi huyo karibu hakuna. Ninavyoisoma historia ya ushonaji wa kifahari wa Paris, ndivyo ugomvi wake ulivyokuwa tangu mwanzo. Watu hubishana juu ya aliyevaa, aliyebuni na aliyelipa, huku aliyeshona akiachwa nje ya mabishano.

Na mabishano yenyewe ni ya zamani. Katika miaka ya 1770 na 1780, mfanyabiashara wa mavazi aitwaye Rose Bertin alikuwa akiingia kwa Malkia Marie Antoinette pale Versailles, akimpelekea kofia, lesi, tepe na mapambo ya nywele. Watu walimbandika jina la waziri wa mitindo. Malkia mwenyewe akaitwa Bibi Nakisi, kana kwamba deni la taifa lilitoka kwenye kabati lake la nguo. Ukweli ni kwamba vita, hasa vile vya kuwasaidia Wamarekani kuikataa Uingereza, viliimeza hazina kuliko gauni lolote. Lakini hesabu za vita hukaa ndani ya vitabu vya serikali, na gauni huonekana na kila mpita njia.

Mwaka 1783 mchoraji Élisabeth Vigée Le Brun alimchora malkia akiwa na gauni jeupe la pamba, jepesi, lisilo na nakshi. Mtu angetegemea watu wapumue. Badala yake ikazuka kashfa, picha ikaondolewa kwenye maonyesho, wengine wakisema malkia amechorwa na nguo ya ndani. Wafumaji wa hariri wa Lyon nao wakaona njaa inabisha hodi kwao: ikulu ikivaa pamba, nani atanunua hariri? Akivaa hariri ameifilisi nchi, akivaa pamba amewafilisi wafumaji. Katika kelele zote za miaka ile, kauli ya wafumaji ndiyo ninayoiona nzito kuliko nyingine, kwa sababu wao peke yao walizungumzia mshahara.

Aliyeigeuza kazi hii kuwa mfumo alikuwa Mwingereza. Charles Frederick Worth, mzaliwa wa Lincolnshire mwaka 1825, alihamia Paris akiwa na miaka 20 hivi, akauza vitambaa dukani kwa watu, na mwaka 1858 akafungua jumba lake barabara ya rue de la Paix pamoja na mshirika wake Otto Bobergh. Kabla ya hapo fundi ndiye aliyemfuata bibi mkubwa nyumbani kwake na kushona alichoagizwa. Kwa Worth, bibi mkubwa alimfuata fundi, akaketi, akaonyeshwa mitindo ikiwa imevaliwa na wasichana, akachagua kutokana na alichokwisha kubuni mwenye jumba. Eugénie, mke wa Napoleon wa Tatu, alivaa kazi zake, na wake za wakubwa wa Ulaya nzima wakapanga foleni. Worth akafanya na jambo jingine: alishona jina lake ndani ya gauni, kwenye utepe wa kiunoni, mithili ya mchoraji atiavyo sahihi.

Lawama zilimfuata. Wako waliochukizwa na mwanamume kuushika na kuupima mwili wa mke wa mtu. Wako waliochukizwa na bei. Émile Zola, katika riwaya yake La Curée, alimtia fundi aitwaye Worms ambaye kila msomaji wa Paris alijua ni Worth, na akamwonyesha kama kuhani wa tabaka lililolewa fedha za haraka. Zola aliona sawasawa. Lakini jumba la Worth lilifika kuajiri watu zaidi ya 1,000, na ndani ya kila gauni lililotoka mle palikuwa na jina moja.

Mwaka 1868 washonaji wa daraja hili waliunda chama chao, na kizazi kilichofuata kikazaa watu wa kila namna. Paul Poiret aliwavua wanawake korseti, kisha akawafunga miguu kwa sketi nyembamba iliyowanyima kupiga hatua. Juni 1911 alifanya karamu ya usiku kucha iliyoigiza Mashariki ya kwenye hadithi, wageni wakivaa vilemba na suruali pana. Wengine wakamwita mkombozi, wengine mwendawazimu. Alikufa fukara mwaka 1944.

Katikati ya vita vya kwanza vya dunia, Mei 1917, wasichana wa karakana za Paris waliacha sindano na kutoka barabarani. Walitaka nyongeza ya mshahara, na walitaka Jumamosi mchana iwe mapumziko yenye malipo. Waliandamana wakiimba, wamevaa kofia zao. Mwezi uliofuata sheria ilipitishwa, wakapewa Jumamosi yao. Vitabu vingi vya historia ya mitindo huutaja mgomo huu kwa mstari mmoja kisha hurudi kwenye urefu wa sketi. Kwangu ni miongoni mwa siku kubwa kuliko zote katika habari hii, maana ndiyo siku mikono iliyoshona iliposema yenyewe.

Hapa ndipo pa kumgusa Gabrielle Chanel, ambaye kwa kawaida huletwa kama jibu kwa wapenda makuu. Nguo zake zilikuwa nyepesi, za kitambaa cha kufumwa kilichotumika kwa nguo za ndani za wanaume, na gauni lake fupi jeusi la mwaka 1926 lilifananishwa na gari la Ford. Wanaoamini kwamba usahili ni haki na ufahari ni dhuluma hupenda kumtolea mfano. Basi wausome mwaka 1936. Juni mwaka huo wafanyakazi wa Chanel waligoma kama wenzao wa Ufaransa nzima, wakamzuia mlangoni, naye akakataa madai yao mpaka alipobanwa. Vita vilipoanza mwaka 1939 alifunga karakana, na maelfu ya washonaji wakapoteza kazi. Gauni lisilo na nakshi halikumlinda mshonaji kuliko lile lenye nakshi.

Tukifika mwaka 1947 tunafika kwenye kiini. Tarehe 12 Februari, katika nyumba namba 30 ya Avenue Montaigne, Christian Dior alionyesha mkusanyiko wake wa kwanza kwa fedha za Marcel Boussac, tajiri wa viwanda vya pamba. Mabega yameteremka, kiuno kimebanwa kama cha nyigu, sketi imefunguka hadi chini ya muundi. Carmel Snow, mhariri wa jarida la Marekani la Harper's Bazaar, akaupa mtindo huo jina la Mwonekano Mpya, na jina likazunguka dunia kabla ya magauni yenyewe. Gauni moja liliweza kula hata mita 20 za kitambaa.

Mita 20, katika nchi ambayo mkate ulikuwa kwa mgawo! Makaa ya mawe yalikuwa adimu, nyumba zilikuwa baridi, mama wa Paris alikuwa bado anageuza koti la marehemu mumewe kulifanya la mtoto. Mwaka huohuo wanamitindo walipelekwa kupigwa picha sokoni rue Lepic, mtaa wa watu wa kawaida kule Montmartre. Wanawake waliokuwa wakiuza na kununua pale wakamrukia mmoja wao na kumrarua gauni. Picha zipo: nywele zimevurugika, gauni limeshuka begani, akina mama wamejaa ghadhabu usoni.

Ng'ambo ya bahari kila nchi ilikuja na hasira yake. Uingereza ilikuwa bado inagawa nguo kwa kuponi, na mgawo huo haukuondolewa mpaka Machi 1949. Stafford Cripps, aliyekuwa akisimamia biashara serikalini, hakuficha kuchukizwa kwake, kwa kuwa kila mita iliyokwenda kwenye sketi ya Londoni ilikuwa mita isiyouzwa nje kuleta dola. Marekani haikuwa na uhaba, basi kule ugomvi ukawa wa miguu. Jijini Dallas wanawake waliunda klabu ya kutetea sketi iishie chini kidogo ya goti, na Dior alipofika Chicago alipokewa na mabango. Chanel naye alikasirika kwa sababu yake: mwanamume asiyejua mwanamke anataka kutembeaje ameturudisha kwenye kiuno cha kubana.

Kwa hiyo gauni lilikuwa moja na lawama zikawa nne, za njaa, za uchumi, za uhuru na za mwili. Kwa upande wa pili kulikuwa na wanawake waliokuwa wamevaa sare na viatu vya mbao miaka mitano, ambao walipouona upana ule walilia kwa furaha. Siwezi kuwalaumu. Binadamu akitoka kwenye msiba ana haki ya kutaka kitu kizuri hata kama hawezi kukinunua. Akina mama wa rue Lepic pia siwalaumu kwa hasira yao, ila ninasikitika ilikoishukia. Msichana waliyemrarua alikuwa kazini kama wao, na gauni halikuwa lake. Boussac, aliyekuwa na pamba ya kuuza na aliyefaidika na kila mita iliyoongezwa, hakuwapo sokoni siku ile.

Dior alianza na watu wasiofika 100. Katikati ya miaka ya 1950 walikuwa 1,000 hivi. Alipofariki ghafla Oktoba 1957, kazi ilimwangukia kijana wa miaka 21 mzaliwa wa Oran, Algeria, aitwaye Yves Saint Laurent, ambaye baadaye alifungua jumba lake. Januari 1971 alionyesha mabega mapana, makoti mafupi ya manyoya na viatu vizito vya miaka ya 1940. Waandishi walimshambulia kwa ukali usio wa kawaida. Waliokuwa watu wazima wakati Wajerumani wanaitawala Paris hawakutaka kukumbushwa mavazi ya miaka ile, na vijana ambao hawakuwapo waliyapenda. Hapo kosa lililodaiwa halikuwa bei wala kitambaa. Gauni lilikuwa limegusa kidonda.

Saint Laurent alikuwa amekwisha kuchota kwetu pia. Mwaka 1967 alitengeneza magauni ya makuti ya rafia, shanga za mbao na makombe, akayaita ya Kiafrika, na Paris ikasifu. Miaka michache baadaye ikafika zamu ya mtu mwenyewe. Iman, binti wa mwanadiplomasia wa Kisomali, alikuwa mwanafunzi wa siasa katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1975 mpiga picha Peter Beard alipomwona barabarani. Beard aliwaambia Wamarekani kwamba amemtoa porini akichunga mifugo. Msichana anayezungumza lugha kadhaa alibidi awe mchungaji ili uzuri wake uwe na hadithi ya kuuza. Iman akaupinga uongo huo waziwazi, akaendelea na kazi yake, na Saint Laurent akaja kumtengea mkusanyiko mzima.

Sasa tunaweza kumrudia Galliano tukijua anatoka wapi. Alizaliwa Gibraltar mwaka 1960, akakulia Londoni, akakabidhiwa Dior mwaka 1996. Onyesho lake la kwanza la ushonaji wa daraja la juu, Januari 1997, lilikuja miaka 50 baada ya lile la Dior, na ndani yake mlikuwa na kola pana na mapambo ya shanga yaliyofuata shanga za Wamaasai, juu ya magauni marefu ya hariri. Yalipendeza, sitasema uongo. Lakini mwanamke wa Kajiado au Longido aliyezishona shanga hizo tangu utotoni, anayejua rangi ipi inakaa kando ya ipi na nani anaruhusiwa kuvaa nini, hakuwa na nafasi katika sifa zile. Baadaye, jumba jingine la Ufaransa lilipotumia shuka la Kimaasai mwaka 2012 na makampuni mengi yakawa yameshatumia jina lao, Wamaasai wa Kenya na Tanzania walijipanga kudai haki juu ya jina na alama zao. Dai hilo lilikuwa limechelewa, na ni la haki.

Galliano hakupunguza mwendo. Julai 1998 aliwaita wageni kituo cha treni cha Austerlitz, akamwaga mchanga kwenye sakafu, na wanamitindo wakashuka kutoka treni ya moshi. Wakosoaji walisema mavazi yamezikwa ndani ya tamasha, nani atavaa vitu hivi? Swali hilo lilikosea shabaha. Wateja wa nguo hizi duniani kote ni wachache mno, na tangu mafuta yapande bei miaka ya 1970 wengi wao wametoka nchi za Ghuba. Gauni lenyewe mara nyingi halirudishi gharama. Kazi yake ni kuwaka, ili mwanga wake uuze manukato, miwani na mikoba kwa watu ambao hawatakanyaga Avenue Montaigne maishani. Bernard Arnault, mwenye Dior, alijua hilo, na makelele ya Januari 2000 hayakuwa hasara kwake.

Mwaka 2011 Galliano alifukuzwa kwa matusi dhidi ya Wayahudi aliyoyatoa akiwa mlevi mkahawani Paris, na mahakama ikamtia hatiani. Hayo yalikuwa maneno yake, na mjadala wa kumsamehe au kutomsamehe haujaisha. Januari 2024, akiwa jumba la Maison Margiela, alionyesha chini ya daraja la Alexandre III, kandokando ya mto uleule. Viuno vilibanwa mno, nyuso ziling'aa kama kaure, kila kitambaa kilidanganya jicho kuwa ni kingine. Wengi wa waliokuwa wamemkatia tamaa walisimama kumpigia makofi.

Ufahari wenyewe umebadilisha anwani. Guo Pei wa Beijing alitengeneza joho la manjano lenye uzito wa kilo 25 hivi, Rihanna akalivaa New York mwaka 2015, na dunia ikacheka ikilifananisha na mayai ya kukaanga. Waliocheka hawakuuliza habari za watarizi walioinamia joho lile karibu miaka miwili. Mwaka uliofuata Paris ikamkaribisha Guo Pei kwenye ratiba yake ya maonyesho. Januari 2020 akaingia Imane Ayissi wa Kameruni, wa kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara kuonyesha katika ratiba hiyo. Anakataa vitenge vya wax kwa kuwa vilikuja na biashara ya wakoloni, na hutumia kitambaa cha magome ya mti cha kwao, jamaa ya ule mbugu wa Buganda, pamoja na vitambaa vya kufumwa vya Afrika Magharibi. Katika wote niliowataja, ndiye anayenipa matumaini makubwa, kwa sababu nguo zake huanza na mfumaji. Januari 2023 likaja jumba la Schiaparelli na vichwa vya simba, chui na mbwamwitu vilivyoning'inia vifuani. Vilikuwa vya povu, utomvu na manyoya bandia, vimepakwa rangi kwa mkono. Watu wakapigana kuhusu uwindaji, na aliyechonga simba asiyetofautishwa na simba hakuulizwa lolote.

Kisheria jina haute couture, yaani ushonaji huu wa daraja la juu, linalindwa Ufaransa tangu 1945, na jumba linalolitaka lazima liwe na karakana Paris, idadi maalumu ya mafundi, na maonyesho mawili kwa mwaka, Januari na Julai. Sheria inatambua basi kwamba bila fundi hakuna ufahari. Lakini sehemu kubwa ya nakshi haishonwi Paris siku hizi. Puleki na shanga nyingi hupachikwa India, hasa Mumbai, na wanaume waliorithi kazi kwa baba zao, wameketi kuzunguka fremu ya mbao. Machi 2023 Dior ilifanya onyesho palepale Mumbai, mbele ya Lango la India, na kuitaja karakana ya Chanakya inayotarizi kazi zake. Ilikuwa hatua njema. Karl Lagerfeld naye, Julai 2016, aliwatoa washonaji wa Chanel karakanani akawaketisha na meza na sindano zao katikati ya onyesho, wageni wakiwatazama wakishona.

Kisha soma habari za Juni 2024. Mahakama ya Milano iliiweka kampuni ya Dior inayotengeneza mikoba Italia chini ya usimamizi, baada ya wapelelezi kukuta wakandarasi wake wakiwatumikisha watu kwa saa nyingi na kuwalaza palepale kiwandani. Mkoba uliolipiwa mkandarasi euro 53 uliuzwa dukani euro 2,600. Kampuni yenyewe haikushtakiwa kwa jinai, na usimamizi huo uliondolewa baadaye. Mkoba huo si gauni la Januari, lakini bei yake hutoka kwenye mwanga wa gauni la Januari. Katika miaka yote ya kupigana juu ya kipi kimezidi, hii ndiyo tofauti iliyostahili maandamano makubwa kuliko yale ya mwaka 2000.

Sitaki magauni haya yakome. Kilichofanywa na mkono wa mtu kwa saa 1,000, kikafanywa vizuri, kina thamani ambayo mashine haitaileta, na Paris ikiacha kushona hivi, ufundi wa kupachika unyoya mmojammoja utakufa na waujuao. Ninachokitaka kinaweza kufanywa Januari ijayo. Majumba hupenda kutangaza saa zilizotumika kwenye kila gauni, kwa hiyo yanajua nani alizitumia. Wageni wa onyesho hupewa karatasi yenye jina la mbunifu, la msusi, la mpamba nyuso, la mpiga muziki. Ichapwe na orodha ya walioshona, gauni kwa gauni, wa Paris na wa Mumbai. Majina hayo yapo tayari kwenye daftari la mishahara.